WEMBE HUU NI WA NANI?

Khutba ya Ijumaa. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani yako.

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo, akampa akili, na akitaka huichukua akili hiyo kwa hekima anayoijua Yeye peke yake. Tunamhimidi, tunamwomba msaada na tunamtaka msamaha. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake, na kila aliyefuata njia yao mpaka siku ya malipo.

Amma baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Leo nitasema juu ya kitu kidogo sana, kinachouzwa kwenye kila meza ya sokoni. Nitasema juu ya wembe.

Ninyi mnajua desturi ya jumuiya yetu. Kila mwaka, siku mbili tatu kabla ya Idi, tunakwenda kuwazuru wagonjwa wa akili katika nyumba wanamotunzwa. Mama zetu wanapika wali na maharagi. Vijana wanabeba sabuni na nguo. Na kwa kuwa wagonjwa wengi wanakaa huko miaka na miaka, nywele zimewajaa na kucha zimewarefuka, sisi tunawanyoa ili nao waione Idi wakiwa safi. Kazi hiyo nimeisimamia mimi mwenyewe kwa miaka mingi. Tulikuwa na ndoo moja ya maji, kipande cha sabuni, na nyembe mbili. Vichwa vilikuwa thelathini na zaidi. Tulinyoa huku tunaleta kaswida, na moyo wangu ulikuwa umejaa furaha.

Mwaka mmoja, mama mmoja infirmie alikuja akasimama nyuma yangu. Akatazama kwa muda. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu: "Shehe, wembe huu ni wa nani?"

Nikamjibu: "Mama, ni wa wote. Ni sadaka."

Akasema: "Shehe wangu, huyu umemkata kidogo kwenye kisogo, damu imetoka. Wembe umeuchovya ndani ya ndoo, sasa unampelekea mwenzake. Sadaka hiyo inabeba damu ya mtu kumpa mtu mwingine."

Ndugu zangu, mimi niliona haya, na haya ile ikageuka hasira. Nilijisemea moyoni: huyu mama si wa dini yetu, anatuharibia ibada. Nikaendelea kunyoa. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kwa siku ile.

Baadaye ndugu yetu mmoja katika nyumba ile, fundi wa cherehani ambaye wengi wenu mlivaa kanzu za mkono wake kabla hajaugua, alianza kuwa manjano machoni. Tumbo likavimba, miguu ikavimba. Hakusema kitu, maana alikuwa mtu asiyesema. Jamaa zake wakasema amelishwa karuho. Wengine wakasema ni jini linatoka. Wengine wakasema ni dawa za kichwa zimemchoma. Walipompeleka hospitali kubwa kupimwa damu, alionekana ana homa ya ini, ile ambayo madaktari wanaiita hepatiti B, na ini lilikuwa limekwisha kuharibika. Hakukaa sana. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Siku ya kumwosha, vijana wetu walikimbia. Tulibaki wazee wawili. Nilipokuwa ninammiminia maji kichwani nilikiona kisogo chake, nikakumbuka swali la yule mama. Je, ugonjwa ule aliupata kwa wembe wetu? Mtu anaweza kuishi na virusi vile miaka mingi bila dalili, na njia za kuvipata ni nyingi. Siwezi kuapa kwamba ni sisi. Lakini, wallahi, siwezi pia kuapa kwamba si sisi. Na hilo ndilo lililonipandisha kwenye mimbari leo.

Ndugu zangu katika imani, tuujue ugonjwa huu kwanza, maana mtu hajikingi na asichokijua.

Homa za ini zinazoletwa na virusi ni za namna nyingi. A na E hupita kwa chakula na maji yaliyoingiwa na uchafu wa choo. B na C hupita kwa damu, na B hupita pia kwa tendo la ndoa na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Hizi mbili, B na C, ndizo zinazoweza kukaa ndani ya mwili miaka ishirini au thelathini kimya kimya, zikila ini kidogo kidogo, mpaka ini linakuwa gumu au linaota kansa. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilihesabu kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na hepatiti B, na milioni 50 na hepatiti C, na kwamba mwaka huo virusi vya homa ya ini viliua watu milioni 1.3. Na Afrika yetu imo katika sehemu zilizobeba mzigo mkubwa.

Sikilizeni vizuri hapa: virusi vya hepatiti B vinaweza kukaa nje ya mwili, katika tone la damu lililokauka, siku saba na zaidi, na bado vikaambukiza. Damu usiyoiona kwa macho inatosha. Basi wembe ulionyoa Jumatatu na ukawekwa dirishani, Ijumaa bado una la kusema.

Sasa kwa nini ninawataja wagonjwa wa akili, na ugonjwa huu hauchagui mtu? Kwa sababu mtu anayekaa muda mrefu katika nyumba ya namna ile anazungukwa na hatari kila upande. Wanalala wengi chumba kimoja. Wembe ni mmoja, mswaki unaokotwa na yeyote, mkasi wa kucha ni mmoja. Mmoja akipandwa na ghadhabu, anauma au anakwaruza, damu inatoka. Anachomwa sindano nyingi, na pale ambapo seringi ni chache, kuna wanaojaribiwa kuitumia mara ya pili. Tena wengi wao, kabla ya kufika huko, sisi jamaa zao tumewazungusha kwa waganga wa kienyeji: huku wamechanjwa chale, kule wameumikwa pembe, na kila mganga ana wembe wake anaochanjia watu wote.

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo watu wanalifunika. Wako wanawake wagonjwa wanaoingiliwa usiku na watu wasiomwogopa Mwenyezi Mungu, kwa kuwa wanajua kesho mama yule akisema, wataambiwa watu: "Ni mwendawazimu, msimsikilize." Hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma, na ugonjwa unapita humo humo.

Juu ya hayo, mgonjwa huyu hawezi kujieleza. Wewe ukichoka, ukikosa hamu ya kula, ukiumwa ubavu wa kuume, utasema. Yeye akikataa chakula tunasema ni wazimu wake. Akilala mchana kutwa tunasema ni dawa. Na ni kweli, dawa nyingine za akili, kama Largactil, zinaweza kwa watu wengine kuleta manjano machoni. Kwa hiyo ndiyo sababu ya kumpima damu haraka, ili ijulikane ni dawa au ni virusi. Wala msimkatizie dawa zake kwa akili zenu. Mpelekeni kwa daktari, aamue yeye.

Jambo hili si la Kongo peke yake wala si la leo. Huko Marekani, katika jimbo la New York, palikuwa na nyumba kubwa iliyoitwa Willowbrook, ya watoto wenye ulemavu wa akili. Walijaa mno, wakalala kwa kubanana, na homa ya ini ikawaenea karibu wote. Kuanzia mwaka 1956 madaktari fulani wakafanya huko uchunguzi wa miaka mingi, na watoto wengine wakapewa virusi kwa makusudi ili ugonjwa utazamwe unavyokwenda. Katika miaka ile ile ya sitini, daktari Baruch Blumberg alikuwa anatafuta katika damu ya watu alama ya kitu kilichokuja kujulikana kuwa ni virusi vya hepatiti B. Waliopima damu pamoja naye waliikuta alama ile zaidi kwa wenye ulemavu wa akili waliokaa katika nyumba kubwa za kulelewa kuliko kwa wenzao waliokaa kwa wazazi wao. Ulemavu ulikuwa ule ule. Kilichotofautiana ni nyumba. Tazameni basi: elimu nyingi ya ugonjwa huu ilitoka katika damu ya watu wasio na wa kuwasemea. Na chanjo iliyotokana na elimu hiyo, iliyopatikana tangu mwaka 1981, wao na wenzao ndio tunaowasahau.

Enyi Waislamu, tulisoma chuoni tukiwa wadogo kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha hivyo. Hakuna dhambi inayoandikwa juu yake. Mimi nilihifadhi maneno hayo nikiwa na miaka kumi, na nimeyafundisha miaka thelathini. Lakini sikujiuliza: kalamu ikiinuliwa kwake, inashuka wapi?

Inashuka kwetu. Yeye hataulizwa kwa nini alishika mswaki wa mwenzake. Tutaulizwa sisi kwa nini hakuwa na mswaki wake. Yeye hataulizwa kwa nini hakusema anaumwa. Tutaulizwa sisi kwa nini hatukumpima. Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Na katika Suratun Nisaa, aya ya tano, Mola wetu anapotaja wale wasioweza kusimamia mali zao, ametuamrisha tuwalishe, tuwavishe na tuseme nao maneno mema. Kama mali yake ni amana mikononi mwetu, vipi damu yake?

Ninajua yuko atakayesema: "Lakini shehe, nia yako ilikuwa njema." Ndiyo, nia ilikuwa njema. Nia njema ya Wamisri pia ilikuwepo. Katika nchi ya Misri, tangu miaka ya hamsini mpaka ya themanini, serikali iliwachoma watu vijijini sindano za kutibu kichocho. Ilikuwa kazi ya huruma kabisa. Lakini sindano zile hazikusafishwa sawasawa kati ya mtu na mtu, na hepatiti C ikapandwa katika damu ya watu wengi mno, mpaka Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoumizwa zaidi duniani. Nia njema haiui virusi.

Lakini tazameni pia walivyotubia. Mwaka 2018 walianza kupima nchi nzima, mji kwa mji, mamilioni kwa mamilioni, na kila aliyekutwa na ugonjwa akapewa dawa. Mwaka 2023 OMS ilitangaza kwamba Misri imepiga hatua kubwa mno katika njia ya kuumaliza ugonjwa huo. Kosa la mkono likarekebishwa kwa mkono. Hiyo ndiyo toba ninayoitaka kwetu.

Ninasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na ninyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wake.

Ndugu zangu, sitaki mtoke hapa na hofu. Hofu iliwakimbiza vijana wetu siku ya kumwosha ndugu yetu, na hofu ikizidi italeta dhuluma nyingine. Basi shikeni haya.

Kwanza, hepatiti B na C hazipiti kwa kusalimiana, wala kwa kukumbatiana, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kusimama bega kwa bega katika safu. Mgonjwa asitengwe, asifungiwe chumba cha peke yake, asinyimwe kikombe. Na majibu ya damu yake ni siri yake. Hayatangazwi uani wala msikitini.

Pili, kila mgonjwa awe na wembe wake, mswaki wake na kikata kucha chake, vyenye alama yake, vitunzwe na mwuguzi. Kuosha wembe kwa maji na sabuni hakutoshi kuupitisha kwa mtu mwingine. Bei ya wembe mnaijua. Nani kati yetu ameshindwa na bei ya wembe?

Tatu, sindano moja kwa mtu mmoja, mara moja, kisha itupwe ndani ya boksi lake. Ninyi mlio na jamaa huko mna haki ya kuuliza, kwa adabu, na kununua seringi mpya pale inapokosekana. Damu ikimwagika chini, avae glavu, atumie maji ya javeli, asifute kwa kitambaa kitupu.

Nne, chanjo. Chanjo ya hepatiti B ipo, na kwa mtu mzima kwa kawaida ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita. Nchi yetu iliiweka katika chanjo za watoto mwaka 2007. Basi wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata, nami ni mmoja wao. Wagonjwa wa kukaa muda mrefu, wauguzi wao, na sisi tunaoosha maiti, wote tunaihitaji. Na mama mgonjwa akizaa, ombeni mtoto achanjwe ndani ya saa ishirini na nne, maana mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu tisa katika kumi ugonjwa unabaki naye, lakini kwa mtu mzima mwenye afya, walio wengi sana mwili wenyewe unaufukuza.

Tano, kupima. Aliyekutwa na hepatiti B inayohitaji dawa, iko dawa ya kumeza kila siku inayovizuia virusi visiendelee kulila ini. Hepatiti C haina chanjo, lakini sasa ina vidonge vinavyoponya zaidi ya watu tisa katika kumi kwa muda wa miezi mitatu hivi. Msiseme: "Huyu ni wazimu, kuna faida gani kumtibu?" Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul Maida uzito wa kuokoa nafsi moja, na hakuweka sharti kwamba nafsi hiyo iwe na akili timamu. Lakini kupimwa kusiwe kwa kukamatwa kwa nguvu kama mwizi. Mgonjwa aelezwe taratibu, siku anayotulia, na jamaa yake akae karibu.

Sita, ninyi mnaofanya hijama na kuchanja: anayetumia wembe mmoja kwa watu wawili baada ya kusikia khutba hii, hana udhuru tena. Wala mimi sina.

Wakubwa wetu katika dini hawakuwatupa watu hawa. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga Cairo hospitali ya wakfu, na ndani yake wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao. Leo hapa kwetu, Bukavu na Goma, mafurera wa Kikatoliki wamewatunza wagonjwa wa akili kwa miaka mingi. Mwenyezi Mungu awalipe kwa wema wao. Na sisi, wakfu wetu uko wapi?

Baraza la wazee limekaa juzi na limekubali hivi. Mwaka huu tutakwenda kuwazuru wagonjwa kama kawaida, lakini sanduku la Ijumaa hii na tatu zinazofuata ni la nyembe, miswaki, glavu na chanjo. Hatutanyoa kabla ya kuwaomba wauguzi watuonyeshe. Vijana wa kuosha maiti watachanjwa kwanza, na watafundishwa kuosha kwa glavu, ili asiwepo tena Mwislamu anayekimbiwa siku yake ya mwisho.

Nami nilikwenda kwa yule mama infirmie. Amestaafu sasa, anauza makaa mbele ya nyumba yake. Nilimwambia: "Mama, ule wembe ulikuwa wangu. Nisamehe." Akaniambia: "Shehe, mimi nilikusamehe siku ile ile. Waulize wale."

Ewe Mola wetu, tusamehe damu tuliyoichezea bila kujua, na tulinde tusiichezee baada ya kujua. Ewe Mola, warehemu wagonjwa wetu waliopotewa na akili, waponye, na uwape wa kuwasemea. Warehemu waliokufa kati yao bila ya kulalamika. Wape nguvu wanaowaosha, wanaowalisha na wanaowachoma sindano. Ipe nchi yetu amani. Utupe mema ya dunia na mema ya Akhera, na utulinde na adhabu ya Moto. Amina.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, simameni kwa sala. Na mkitoka, sanduku liko mlangoni.